Mchoma Mkaa Aliyefundishwa Kupumua

Mtu mmoja alikuwa na tanuri la mkaa pembeni mwa msitu, na jina lake lilikuwa Kashindye. Asiyeijua kazi hiyo hudhani mchoma mkaa ni mtu wa kuwasha moto. Sivyo. Kuwasha moto hata mlevi anaweza. Kazi ya mchoma mkaa ni kuuzuia moto usiwake. Hupanga magogo, huyafunika kwa majani, huyafukia kwa udongo mpaka yanakuwa kama kaburi la watu kumi. Kisha huacha vitundu vichache vya hewa, na kwa siku saba au nane moto hula ndani kwa ndani bila kutoa ulimi nje. Udongo ukipata ufa, hewa ikaingia kwa wingi, kufumba na kufumbua mali yote ni jivu.

Kwa hiyo wachoma mkaa wa upande ule walikuwa na neno moja walilofundishana kabla hata ya kushika shoka: "Ziba kwanza, uliza baadaye." Ukiona ufa, huulizi umetoka wapi wala nani kaukanyaga. Unachota udongo, unatupa. Kashindye alilijua neno hilo kwa mikono kuliko kwa kichwa, na kama ilivyo kwa mambo tuyajuayo kwa mikono, hakuliacha kazini. Alikwenda nalo nyumbani. Mkewe, Nyamizi, akimuuliza mbona leo umenuna, jibu lilikuwa hamna kitu. Mama yake mzazi alipofariki, alichimba kaburi, akala ubwabwa wa matanga, kesho yake akaenda msituni. Watu wakamsifu kwamba huyo ndiye mwanamume. Miaka ishirini na sita Nyamizi aliishi na mwanamume huyo, na hakuwahi kuliona chozi lake.

Mwaka mmoja mgongo ulimkaza hata akashindwa kuinua gogo. Siku hizo alikuwa amefika kijijini mwalimu wa yoga aitwaye Feruzi, mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu, aliyejifunza mjini kwa miezi mitatu na kurudi na cheti. Alifundisha asubuhi katika ghala la tumbaku la chama cha ushirika, kwa kuwa ghala lilikuwa tupu mpaka mavuno. Wanakijiji walicheka. Walisema mzee mzima anakwenda kufundishwa kuvuta pumzi, kwani tangu azaliwe alikuwa anavuta nini?

Kashindye alikwenda kwa ajili ya mgongo tu. Alikaa juu ya mkeka, akajinyoosha, akafumba macho, akavuta pumzi na kuishusha kama alivyoelekezwa. Tuseme kweli, maana mfano unaodanganya haumfundishi mtu: ilimfaa. Wiki ya tatu mgongo ulilegea. Wiki ya tano alitoka ghalani akakuta mti wa mninga, ule ule ambao miaka yote alipoutazama aliona magunia ya mkaa, na siku hiyo akaona mti. Alisimama mbele yake mpaka umande ukamkauka miguuni. Alipofika nyumbani alimwita Nyamizi kwa jina lake, si Mama Shija kama tangu walipopata mtoto, kwa sauti ya wakati wa uchumba, na mama wa watu akaangusha mwiko. Kitu ndani yake kilikuwa kimefumbua jicho. Lilikuwa jambo jema, na lingeweza kubaki jema.

Lakini siku moja Feruzi aliwaambia wanafunzi wake kwamba chini ya uti wa mgongo wa kila mtu kuna moto uliolala. Pumzi ndiyo inayouamsha, akasema, nao ukipanda mpaka utosini, mtu huamka kweli. Wengine wote walisikia fumbo. Mwenye duka alisikia fumbo, mkunga alisikia fumbo. Kashindye alisikia moto. Na moto uliofifia yeye alijua unafanywaje: unaongezewa matundu.

Mwalimu alikuwa amesema robo saa kila asubuhi. Yeye akafanya saa nzima, kisha asubuhi na jioni, kisha akaacha kula mchana ili tumbo lisimzuie. Nyamizi alipomuuliza, alijibu kwamba anakaribia. Anakaribia wapi, hakusema. Mlafi wa nyama tunamcheka, lakini mlafi wa nuru tunampisha akae mbele.

Ndipo hofu ilipoanza. Kwanza joto lilimpanda mgongoni, kama mtu aliyeegemea chungu kilichotoka jikoni. Kisha mikono ikawa inatetemeka yenyewe, moyo ukimwenda mbio naye amekaa tu, na usingizi ukamkimbia. Alisikia harufu ya moshi katika nyumba ambayo jiko lake halijawashwa. Alizunguka akinusa kuta, na Nyamizi akamfuata nyuma akinusa naye, asipate kitu. Kubwa kuliko yote, alihisi kwamba kuna mtu anamjia. Hakuwa akitokea nje. Alikuwa akipanda kutoka chini, ndani yake mwenyewe, polepole, na Kashindye hakutaka kabisa kumjua ni nani.

Alimwendea mwalimu, akamweleza yote isipokuwa hilo la mwisho.

"Usiogope, mzee wangu," Feruzi alimwambia. "Hizo ni dalili njema. Endelea, usizuie."

Hakukusudia kudanganya. Ndivyo na yeye alivyoambiwa. Miezi mitatu inatosha kumfundisha mtu kuwasha, ila haitoshi kumfundisha kulinda kilichowaka. Hakuwahi kumwona mtu akiungua, basi akaamini hakuna anayeungua.

Aliyekuwa anakuja alifika Jumanne, saa tatu asubuhi, watu wamejaa ghalani na jua limeshapanda. Alikuwa Katambi.

Katambi alikuwa mdogo wake Kashindye, tumbo moja. Walichoma mkaa pamoja wakiwa bado vijana wabichi. Siku moja Katambi alipanda juu ya tanuri lililokuwa likifuka ili azibe ufa, udongo ukatitia, mguu wake mmoja ukazama katika makaa mpaka kwenye nyonga. Kashindye alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Na mikono yake ikafanya ilichofundishwa. Ilichota udongo ikatupa kwenye shimo, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na Katambi yumo, anamwita kaka. Ndipo akashtuka, akamvuta. Katambi aliishi siku nne, na katika siku hizo hakumwambia mtu alichokiona. Kashindye naye hakumwambia mtu. Alizika, akarudi kazini, akasahau. Nasema akasahau, lakini mnajua alichofanya.

Sasa kilirudi chote, wala hakikuja kama kumbukumbu. Kilikuja na sauti, na harufu, na udongo wa moto viganjani. Alipiga ukelele uliowatoa watu ghalani bila viatu. Wengine walisema amepandisha pepo, wengine walisema wenzake wa msituni wamemroga. Feruzi alisimama mlangoni, uso umemsawijika, akirudia, "Pumua, mzee, pumua," wala hakusogea hata hatua moja. Aliogopa. Tusimcheke, kwa kuwa wengi wetu tungekuwa nyuma yake tukichungulia.

Kashindye alimpita mlangoni akakimbilia msituni. Tanuri lake lilikuwa na siku ya tano, yaani moto ulikuwa umefika moyoni mwa magogo. Nyamizi, aliyepelekewa habari shambani, alikimbia na reki yake mkononi, akamkuta juu ya tanuri. Alikuwa peku, amepiga magoti, akichimba udongo kwa kucha. Alihema kama alivyofundishwa, ndani nje, ndani nje, kwa kasi, na kati ya pumzi na pumzi alikuwa akisema, "Nakuja, Katambi. Nakufungulia." Ufa wa upana wa kiganja ulikuwa umeshaachama mbele ya magoti yake, na ndani yake palikuwa pekundu.

Nyamizi alikuwa mke wa mchoma mkaa, alijua anachokiona. Akipiga kelele, mume atashtuka na udongo utatitia. Akipanda, udongo hautawabeba wawili. Alitamani kugeuka akimbie kama wale wa ghalani. Kila neno lililomjia mdomoni lilikuwa la kuziba: nyamaza, hamna kitu, Katambi alishakufa zamani, acha wazimu. Akayameza yote. Akasogea mpaka ukingoni, akamnyooshea mpini wa reki, akasema kwa sauti ile ya siku zote za kazi:

"Baba Shija, mkaa hupakuliwa na watu wawili."

Hilo kila mchoma mkaa analijua. Tanuri halifunguliwi lote kwa mara moja. Mmoja hutoboa upande mmoja, huvuta kidogo, na mwenzake husimama tayari na udongo na maji kwa ajili ya kaa litakaloshika moto. Kilichovutwa kikipoa, ndipo kinavutwa kingine. Ni kazi ya siku nyingi. Anayelifungua peke yake, kwa siku moja, hurudi nyumbani na jivu, kama anarudi.

Sidhani kichwa cha Kashindye kilisikia, maana kichwa hakikuwepo. Mikono ndiyo iliyosikia. Iliacha kuchimba, ikashika mpini. Akavutwa kwa tumbo mpaka chini, na nyayo zake zilipogusa ardhi, pale alipokuwa amepiga magoti pakatitia, ukatoka moto wa urefu wa mtu. Palikuwa na koleo, palikuwa na udongo, na bado yangeweza kuokolewa magunia mengi. Nyamizi hakugusa koleo. Alimshika mume wake kwa mikono yote miwili, na tanuri likaungua mbele yao mpaka likaisha, nao wamekaa chini wakilitazama.

Hapo ndipo Kashindye alipolia. Alimwambia mkewe habari za udongo, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Nyamizi hakumwambia kwamba halikuwa kosa lake. Aliona kumwambia hivyo mapema namna ile ni kumtupia udongo mwingine. Na ukweli ni kwamba alikuwa akimwogopa mume wake, na alikuwa akimhurumia, yote mawili kwa pamoja. Alisema, "Nimesikia. Leo inatosha, lingine kesho."

Haikuwa kazi ya kesho moja. Alimpeleka hospitali, na daktari akampa dawa za kumrudishia usingizi, akamwagiza ale, na akamtaka arudi kila wiki kuzungumza. Mkeka ulikunjwa. Kwa miezi mingi Kashindye alieleza kidogo kidogo, Nyamizi amekaa karibu naye akichambua maharage, na siku ambazo mikono ilianza kutetemeka waliacha, wakazungumzia mvua. Walikwenda pamoja kwenye kaburi la Katambi, wakalipalilia. Alipona kwa kiasi mtu anavyopona. Mpaka leo kuna asubuhi anaamka na harufu ya moshi puani, na hapo humshika mkewe mkono mpaka ipite.

Feruzi alikuja kuwaona mara moja, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Hakuacha kufundisha, wala sisemi ilimpasa aache. Lakini tangu siku hiyo hamwambii mtu yeyote kwamba asiogope. Mwanafunzi mgeni akifika, kabla ya kumpa mkeka, humuuliza nyumbani anaishi na nani.

Nanyi mnaoomba kila siku kuamshwa, nami nikiwa miongoni mwenu, nawauliza hili kabla hamjafumba macho: mnamjua ni nani mwingine aliyelala humo ndani, na akitangulia kuamka yeye, ni mkono wa nani utakaokuwa karibu?