Fundo la Mchanga la Kikosi cha Kaa

Haya, sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso, maana hadithi hii haimalizwi na msimulizi. Mimi nitawafikisha mlangoni tu. Kuingia mtaingia wenyewe.

Hapo kale mji wa Chundwa ulikuwa na askari wake walioitwa Kaa. Kwa nini Kaa? Kwa sababu kaa majini yumo na nchi kavu yumo, na kote ni kwake. Walipiga makasia kama wavuvi, na mashua ikigusa ufukwe waliruka na ngao zao wakapigana kama simba. Viatu hawakuvaa, hata siku ya harusi.

Walikuwa na sheria mbili, na bibi yangu alipozitaja alikaa wima. Ya kwanza: hakuna mtu anayeachwa kwenye pwani ya adui, awe hai, awe maiti. Ya pili: anayetangulia kukanyaga pwani ya ugenini achote mchanga, aufunge kwenye kitambaa. Fundo hilo ndilo shahidi kwamba Kaa wameshuka kweli. Na amiri anapostaafu, fundo la vita vyake vya mwisho humvisha shingoni yule aliyeviwezesha vita hivyo. Huyo ndiye amiri mpya.

Basi katika Kaa hao walikuwamo watatu waliosifiwa na mji mzima.

Shekue alikuwa na nyayo. Matope ya mikokoni, yale yanayomeza ng'ombe na pembe zake, yeye aliyapita akiimba. Akitia kidole gumba cha mguu tu atakwambia: hapa panabeba, hapa panameza.

Mkasi, mwanamke mwembamba kama upondo wa kusukumia mashua, alikuwa na pumzi. Akizama, walio juu huanza kwa kucheka, kisha hunyamaza, kisha mmoja huanza kusoma dua. Ndipo yeye huibuka upande wa pili akiuliza, "Nani amekufa?"

Na Msellem? Msellem alikuwa na kusimama. Chekeni, lakini ngojeni. Alikuwa mnene, hata kuogelea hakukujua vizuri. Ila mashua ikifika penye mawimbi, lazima mtu ashuke aishike omo, pua yake ya mbele, isilale ubavu. Ikilala ubavu, imepinduka. Akiishika Msellem, mawimbi yalimgonga yakarudi kuomba radhi.

Siku moja maharamia wa kisiwa cha Nguuni wakawateka wavuna chumvi wa Chundwa, wakawafungia bomani ili wakawauze mbali. Miongoni mwao alikuwamo Bi Nunu, mzee wa magoti mabovu.

Amiri Faki, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, akasema, "Hivi ndivyo vita vyangu vya mwisho. Tutakwenda mchana, maji yakiwa yamekupwa."

"Amiri! Pale maji yakipwa ni matope matupu!"

"Ndiyo maana maharamia watakuwa wamelala."

Wakaenda. Mdomo wa hori, ule mkono wa bahari usiokauka hata maji yakipwa, wakaukuta umefungwa kwa magogo, na kamba iliyoyashika imefukiwa chini kabisa. Mkasi akauma kisu, akazama. Akafukua kwa kucha, akakata, akafukua tena. Kwenye mashua dua ilikwisha kuanza magogo yalipoachana. Mkasi akaibuka anatoka damu puani. Safari hii hakuuliza nani amekufa.

Mashua ikaingia. Shekue akaruka wa kwanza. "Kanyageni ninapokanyaga! Mwenye kujifanya mjuzi atazikwa wima!" Akawapitisha kwenye matope mpaka bomani, wakapigana, wakawafungua wafungwa, akawarudisha kwa njia ileile. Katikati Bi Nunu akazama mpaka kiunoni.

"Niacheni, wanangu. Nimekwisha kula chumvi nyingi."

"Bibi," akasema Shekue, "ukibaki wewe nabaki mimi, na mke wangu ana ulimi mkali kuliko maharamia." Akamvuta, akambeba mgongoni.

Wakati huo maji yalianza kujaa, na mawimbi nayo. Msellem kaishika omo, yuko majini mpaka kifuani. Maharamia wakamrushia mawe kwa teo. Jiwe moja likamvunja bega. Akageuka, akategemeza bega la pili.

"Achia, Msellem!" wakalia wapiga makasia. "Achia tutoke!"

"Sheria ya kwanza inasemaje?"

Akasimama mpaka Bi Nunu alipopandishwa.

Wote wakarudi, hakukosekana hata mmoja. Vigelegele, ngoma! Amiri Faki akanyoosha mkono. "Mchanga uko wapi?"

Shekue akatazama viganja vyake. Jamani, alisahau! "Nilisikia kilio cha bomani, Amiri. Mila ikanitoka kichwani."

"Basi tuseme tulikwenda kuoga?" Kaa mmoja akamcheka, lakini hakuna aliyemuunga mkono. Kwa mbali matanga ya mashua za maharamia yalikwisha kuonekana, yanakuja na maji kulipiza kisasi. Bila fundo hapana amiri mpya; na amiri wa zamani haoni.

Bi Nunu, kakaa chini, magoti yake kayanyoosha, akasema, "Leteni kitambaa. Mbona mchanga mmekuja nao?" Akakwangua matope kwenye miguu ya Shekue. Akaushika mkono wa Mkasi, akachokoa mchanga uliojaa chini ya kucha. Akaukung'uta msuli aliojifunga Msellem, mawimbi yalikuwa yameujaza mchanga kwenye mapindo. Akachanganya, akafunga fundo moja.

Amiri akalipapasa. "Ni wa Nguuni kweli. Nimvishe nani?"

"Shekue! Ndiye aliyewatoa watu!" wakalia baadhi ya Kaa.

"Angewatoaje mdomo wa hori umefungwa? Mkasi!"

"Na kurudi mngerudi na nini? Kwa kuogelea, na Bi Nunu mgongoni? Msellem!"

"Basi ligawanywe."

"Haligawanywi," akasema Amiri. "Mashua moja haiwezi kusikia sauti tatu: huyu shuka, huyu ngoja, huyu rudi."

Mkasi akajifuta pua. "Mimi nitamtii yeyote. Ila niambieni jina, maana yale matanga hayangoji."

Bibi yangu alipofika hapa, mjomba Bakame alipiga paja: "Shekue, hapana mjadala!" Mama akamwambia, "Aliyesahau sheria ya pili awe amiri?" Na shangazi Zuhura, ambaye hakupenda kelele, alisema polepole, "Kwenda kila mtu huenda. Kazi ni kumsubiri mwenzako na bega limevunjika." Wakabishana mpaka uji ukapoa. Bibi hakuwasaidia, na mimi siwasaidii.

Amiri Faki bado kanyoosha mikono, fundo linaning'inia, na shingo tatu ziko mbele yake. Nyinyi mnaonisikiliza, mngelivisha ipi? Semeni upesi. Maji yanajaa.