Chuma Kilichoamsha Watoto

Hapo zamani, wala si zamani ya kumsingizia babu, palikuwa na shamba la chai milimani Usambara, na nje ya ofisi yake kikining'inia kipande cha reli. Alfajiri mnyapara alikigonga, watu wakaamka. Wakaamka akina baba, wakaamka akina mama, na sikieni vizuri, wakaamka na watoto.

Kwa nini watoto? Kwa sababu uzito wa majani uliotakiwa kwa siku haukuwezwa na mikono miwili, na aliyepungukiwa alihesabiwa hakuja kazini. Basi kila mama alikwenda na mwanawe. Mtoto alichuma, jani likaingia kapuni mwa mama, na likifika kwenye mizani likaitwa jani la mama. Wageni wakiuliza, meneja hujibu kwamba hajaajiri mtoto hata mmoja. Na kweli hakuwaajiri. Aliwala bure.

Sikudhani, mjane, alikuwa akienda na binti yake Mwajabu. Siku alipomwona anasinzia huku vidole vinachuma, roho ilimuuma, akaenda kwa Kihiyo, katibu wa chama cha wafanyakazi. Kihiyo akamjibu kwamba chama ni cha wanachama, na watoto hawana kadi. Mambo hayo wakayazungumze akina mama jikoni. Ada ya Sikudhani, hata hivyo, hakuirudisha.

Kesho yake Sikudhani alimwacha Mwajabu nyumbani, akachuma peke yake. Kapu halikujaa, akahesabiwa hakuja. Akalala njaa, akarudi, akahesabiwa hakuja. Wenzake wakamtazama, kisha nao wakawaacha watoto wao nyumbani, mpaka Kihiyo akaona haya, na chama kizima kikaenda kwa meneja. Meneja akakubali upesi mno: kuanzia leo, marufuku mtoto kuingia shambani. Watu wakapiga ngoma, wakacheza. Katika kucheza kule, hakuna aliyekumbuka kuuliza habari ya uzito.

Uzito ukabaki palepale. Njaa mwana malegeza. Watoto wakarudi, safari hii wakitambaa chini ya michai wasionekane, na Mwajabu naye akatambaa, maana mama yake alimrudisha. Siku ya kupuliza dawa, mpulizaji aliuliza kama kuna mtu kule ndani. Akaambiwa hakuna, watoto wamekatazwa. Akapuliza. Mwajabu hakulia, kwa kuogopa mama yake asije akafukuzwa kazi. Jicho lake moja likafa.

Hapo ndipo shamba lilipochafuka. Kihiyo alisimama mbele ya watu, machozi yakimtoka, akasema, "Kosa ni letu. Tuliwakataza watoto, tukaiacha njaa." Akaitisha mgomo: hakuna atakayegusa jani mpaka uzito upungue. Meneja, mtu asiye na haya, akaleta vibarua wa mbali pamoja na watoto wao.

Majani yao yakafika kwenye mizani, na mpimaji alikuwa Shemboza. Huyu hakuwa mwanachama, na miaka yote alikuwa akipima majani ya watoto huku macho yake yanaona. Siku hiyo alikunja mikono. Akasema jani la mtoto hatalipima tena. Akafukuzwa hapohapo, na nyumba ya kampuni akanyang'anywa. Lakini majani yalivunda, kiwanda kikanyamaza, na meneja akasalimu amri. Uzito ukapunguzwa, mtu akaumudu peke yake, na watoto wakaandikishwa shule.

Kile kipande cha reli kikahamishiwa shuleni kiwe kengele. Siku ya kwanza akigonge nani? Meneja alikuja na tai yake, akanyoosha mkono apewe nyundo. Walimzomea mpaka akarudi garini, na huyo tumemalizana naye.

Kihiyo akasema, "Bila chama, njaa ya Mama Mwajabu ingemmaliza yeye, na shamba lisingeshtuka. Nilikosea, lakini ni mgomo wetu uliopunguza uzito."

Shemboza akasema, "Ninyi mligoma mkiwa wengi, na leo mna kazi zenu. Mimi nilikataa peke yangu, na leo nalala kwa watu."

Sikudhani akasema, "Nilipoanza, Katibu alinirudisha jikoni, na wewe mpimaji ulinihesabu sikuja. Na jicho lililokufa ni la mwanangu."

Watu wakaona haya, wakasema basi apewe Mwajabu mwenyewe. Wakamtia nyundo mkononi. Mtoto akarudi nyuma.

"Mama, hicho kikilia mkono wangu unatafuta kapu," akasema. "Akigonge mwingine. Mimi niacheni nikakisikie nikiwa nimekaa darasani."

Sikudhani akaipokea nyundo. Akamtazama Kihiyo, akamtazama Shemboza, na mkono wake haukunyanyuka, kwa maana alikumbuka ni nani aliyemrudisha Mwajabu shambani mara ya pili.

Haya, mliokaa hapa mnaonisikiliza, na chai mnayo mikononi. Watoto wamepanga mstari, na mwalimu anangoja. Je, nani alistahili kukigonga?