Cheti cha Njia cha Maji ya Bondeni

Hapo zamani, kabla mimi na wewe hatujapewa majina, palikuwa na mji wa pwani ukiitwa Mwambatini, umejengwa kwa mawe na chokaa, nyumba zimebanana hata jirani akipika mchuzi, wewe unaweza kula wali wako mkavu kwa harufu. Mji ule uliinama kidogo. Juu walikaa wenye nacho, chini wakakaa wasio nacho, na katikati ulipita mkondo wa kale ulioshusha maji ya mvua, ukakata mtaa wa Bondeni, ukaingia baharini. Hakuna mtu aliyeuchimba mkondo ule. Ndivyo nchi ilivyoumbwa.

Basi ikawa akatawala Sultani Mgwame, mtu asiye mbaya, ila alipenda bustani kuliko alivyopenda kuambiwa ukweli. Akapanda mikomamanga baina ya Bondeni na bahari, akaizungushia ukuta wa kimo cha watu wawili. Mafundi walimsihi waache tundu chini ya ukuta, maji yapite. Sultani akasema, "Tundu likiwapo, kuku wa Bondeni wataingia kuparua miche yangu." Ukuta ukajengwa mzima, kuku wakakomeshwa, na mvua haikuulizwa rai yake.

Masika ilipoingia, maji yakashuka kama yalivyozoea, yakafika ukutani, yakakosa pa kwenda, yakarudi kuwa wageni wa Bondeni. Hawakupiga hodi wageni hao. Vyungu vilielea, vitanda vikapandishwa juu ya mawe, na vyura wakaja kwa wingi, wakaimba mchana kutwa.

Nyumba iliyokuwa chini kuliko zote ilikuwa ya Faki, mzibuaji wa mifereji, mtu asiye na kitu ila ulimi na jembe, na jembe lenyewe limepasuka mpini. Alikaa na mama yake, Bi Mwanashaha, kizee aliyeapa kwamba nyumba ile ataitoka akiwa amebebwa. Mlangoni palikuwa na baraza aliyoijenga marehemu mumewe. Kila alasiri Bi Mwanashaha alikaa pale akichambua mchele, na akimaliza mchele huwachambua wapita njia. Sasa baraza imo majini, na kizee yuko juu ya kitanda, amenuna.

Kumbe vyura wale walimharibia Sultani usingizi wake wa adhuhuri. Siku ya Jumanne ikapigwa mbiu ya mgambo: maji yawe yameondoka Bondeni ifikapo Ijumaa, tena ukuta wa Sultani usiguswe. Yasipoondoka, nyumba zitabomolewa, bonde lijazwe kifusi, na watu wahamie ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari, kwenye mikoko.

Watu wakateka maji kwa ndoo, wakayapeleka kuyamwaga mtaa wa juu, nayo yakarudi kwa njia ile ile kama mbuzi aliyezoea zizi. Hadi jioni walikuwa wamechoka wao, maji hayajachoka.

"Faki, mwanangu," akasema Bi Mwanashaha, "mimi mikokoni siendi. Baba yako hakunijengea baraza ili uzeeni nikaishi na kaa."

Faki akacheka, lakini moyo ulimuuma. Alijua mama yake aking'olewa pale hataiona masika nyingine.

Sasa sikiliza desturi ya mji ule, maana hapo ndipo penye mambo. Mwambatini hakuna aliyetoka mjini bila cheti cha njia. Awe mfanyabiashara, awe bibi harusi, hata maiti wa kuzikwa shamba, lazima awe na cheti. Waziri Shekue ndiye aliyeviandika, na kwa miaka thelathini maneno yalikuwa yale yale, hata mkono wake uliyaandika huku yeye akiwaza chakula cha mchana. Sultani naye alipiga muhuri bila kusoma. Akasome nini, na vyote ni kimoja?

Jumatano asubuhi Faki akaenda barazani kwa Sultani, suruali imeloa hadi magotini, akainama.

"Maulana, Mola akuweke. Nimezungumza na maji."

Wazee wa baraza wakatazamana. Sultani akatabasamu, maana alimjua Faki kwa vituko. "Yamesemaje?"

"Yamesema yako tayari kutii amri yako, ila yanaogopa. Yamesikia kwamba hapa hakuna atokaye mjini bila cheti cha njia, na yenyewe hayana."

Sultani akacheka hata akajifuta macho. "Ewe Waziri, waandikie hao wasafiri cheti, wasije wakakamatwa langoni."

Waziri akaandika kama alivyozoea, Sultani akapiga muhuri, na baraza zima likaendelea kucheka hata Faki alipokwisha kutoka. Faki alikikunja cheti, akakiweka ndani ya kofia yake pasipoingia maji.

Alhamisi alfajiri alianza kazi. Alitwaa jembe, akasimama mbele ya baraza ya marehemu baba yake. Nusu ya baraza ile ilikuwa imejengwa juu ya mkondo, jambo ambalo mtaa mzima ulilijua na hakuna aliyelisema. Bi Mwanashaha alikuja mlangoni, maji yakimfika vifundoni.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha njia, mama. Nivumilie hadi kesho."

Mwanawe akabomoa jiwe moja baada ya jingine, na kila jiwe lilipotoka mama aligeuza uso kidogo. Majirani walipoona hivyo, wakaona haya, wakaanza kutoa vifuu, majivu na magogo waliyokuwa wakitupa mkondoni miaka yote. Ikawa hadi saa nne mkondo ni mweupe kutoka juu hadi ukutani kwa Sultani. Lakini maji hayakwenda kokote, maana ukuta ulikuwa pale pale.

Faki akausomea ukuta cheti mara tatu kwa sauti kubwa. Kisha akalisimika jembe lake majini, akaketi juu ya jiwe. Askari walioona wakapeleka habari, na Sultani akaja mwenyewe na Waziri wake nyuma.

"Faki, nilikataza ukuta wangu usiguswe."

"Sikuugusa, Maulana. Nimeusomea tu."

"Na jembe hilo majini ni la nini?"

"Si husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Wageni wetu wana wiki mbili. Nimewapa jembe, naona hawajui kulima."

Watu wakacheka, na Sultani naye mdomo ukamcheza. Akasema, "Na cheti changu umekifanyia nini?"

Faki akakitoa kofiani, akampa Waziri. "Bwana Waziri, mimi macho yangu ni ya matope. Nisomee."

Waziri Shekue akasoma maneno aliyoyaandika mara elfu na hakuyasikia hata mara moja: "Mwenye cheti hiki aachwe apite kwa njia yake ya siku zote hadi aendako. Na chochote kitakachomzuia kiondolewe mbele yake, kiwe kikubwa au kidogo, cha mtu yeyote awaye."

"Maulana," akasema Faki, "njia ya maji ya siku zote ndiyo hii, na yaendako ni baharini. Jumanne ulikataza kwa mdomo ukuta usiguswe. Jumatano uliamuru kwa muhuri kizuizi kiondolewe. Mimi mtu wa mifereji sijui niitii amri ipi. Ukisema muhuri ulikosea kwa maji, basi umekosea kwa kila aliyetoka mji huu miaka thelathini."

Waziri akatazama viatu vyake. Sultani akatazama ukuta, kisha akatazama mawe yaliyolundikwa mbele ya nyumba ya chini.

"Baraza ile ilikuwa ya nani?"

"Yangu, Maulana. Au tuseme ya mama yangu. Cheti kimesema cha mtu yeyote awaye, nami niliona aibu kuanza na chako."

Hapo Sultani akamwona Bi Mwanashaha amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ungo wa mchele mapajani, miguu majini. Akaona haya kweli kweli, na hakuificha. "Lete mafundi," akamwambia Waziri. "Watoboe tao chini ya ukuta, pana kama mkondo wenyewe. Na waweke vyuma, kwa ajili ya kuku."

Basi tao likatobolewa, na Ijumaa watu wakitoka kuswali, Bondeni palikuwa pamebaki matope tu. Sultani akamwambia Faki aombe atakalo. Faki akaomba mawe yaliyotoka ukutani, akamjengea mama yake baraza mpya, safari hii kando ya mkondo. Vyura nao, ambao hawakuandikiwa cheti, wakayafuata maji, wakapita katikati ya vyuma, wakahamia kwenye mikomamanga, chini kabisa ya dirisha la Sultani.

Baada ya wiki moja Sultani akashuka Bondeni, macho mekundu, akaketi juu ya baraza ile kama mtu yeyote.

"Bi Mwanashaha, vyura hawa hawanipi usingizi."

Kizee hakuinua uso kutoka kwenye ungo wake. "Wavumilie, Maulana. Ukishindwa kabisa, hama wewe. Mikokoni kuna nafasi."

Sultani akacheka hata kilemba kikamdondoka, na Faki akakiokota kabla hakijafika mkondoni, maana mkondo ule sasa hauchukui takataka za mtu yeyote. Hekaya yangu imefika baharini. Mwenye yake naye aifungulie njia.