Doa Lililoitwa Kahawa

Mtu mmoja alikuwa na joho ambalo halikuwa lake peke yake. Jina lake Mbaruku, mkazi wa Pangani, na joho hilo aliachiwa na baba yake pamoja na mdogo wake, Nasoro. Lilikuwa la sufu, rangi ya mchanga, na uzi wa dhahabu ukingoni. Marehemu aliagiza hivi: anayeozesha binti ndiye avae, na likae kwake mpaka mwenzake atakapolihitaji. Agizo hilo lilikaa miaka ishirini bila kuleta neno.

Ikafika zamu ya Nasoro. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa, naye Jumamosi iliyotangulia akaenda kwa kaka yake kulichukua. Mbaruku akamwambia angoje kidogo. Hakuwa na sababu, alikuwa amelizoea tu. Alilivaa barazani, akalivaa misibani, akalivaa hata siku ya kupiga kura, na watu walikuwa wameanza kumwita shehe, yeye ambaye hata Yasini aliisoma kwa kuchungulia msahafu wa jirani.

Nasoro akavuta upande mmoja, Mbaruku akavuta upande wa pili. Wanaume wawili wenye mvi, mmoja na kisukari chake, wakagombea vazi kama watoto wanaogombea andazi. Kisha mkono wa Mbaruku ukapiga. Mdomo wa Nasoro ukapasuka, damu ikadondoka juu ya joho, pale penye kifua. Nasoro akaliachia. Akatoka, na viatu akavisahau.

Siku mbili Mbaruku hakugusa chakula. Alitaka kwenda kwa mdogo wake, lakini kila alipoyatafuta maneno ya kusema aliyaona mazito. Mwisho akapata njia nyepesi. Atalipeleka joho kwa dobi. Litatoka halina doa, atalipeleka limekunjwa vizuri, na mambo yatakuwa yamekwisha bila mtu kufungua kinywa. Ndivyo alivyotarajia: dobi amfulie joho, na dobi huyohuyo amwombee radhi.

Dobi wa mji alikuwa mzee Hatibu, mfuaji wa maji na wa dawa kavu, ile ya kufulia bila maji. Alikuwa amefua Mombasa, akafua Maskati, na kote huko alikuwa amechoka vilevile. Alikuwa na desturi moja asiyoivunja: hapokei nguo kabla ya kuuliza doa ni la nini. Jibu aliliandika kwa wino kwenye kipande cha kitambaa, akakibana kwa pini kwenye nguo, na dawa aliyotumia ilifuata kilichoandikwa. Zamani alikuwa akibishana. Mtu akileta shati lenye rangi ya mdomo, akadai ni juisi ya rozela, Hatibu alimsahihisha mbele ya mkewe. Ndoa mbili zilivunjikia pale mezani pake. Tangu hapo akaacha. Alichoka kuwajua watu kuliko wao wanavyotaka kujulikana.

"Doa la nini, Bwana Mbaruku?" akauliza.

Nyuma ya Mbaruku alisimama Bi Riziki na mapazia yake, mwanamke ambaye habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, adhuhuri imeshapanda kivuko na kufika ng'ambo ya mto. Mbaruku akajikohoza. Doa lilikuwa limekauka, limegeuka kahawia.

"Kahawa," akasema.

Hatibu akainua kalamu, lakini hakuandika. "Kahawa naitoa kwa siki na mvuke. Lakini kuna madoa, la damu mojawapo, ukiyapiga moto hayatoki tena. Kwa hiyo nauliza mara ya mwisho, bwana, maana moto ukishapita, hata mimi sina la kufanya."

"We Hatibu, dobi au hakimu?" Bi Riziki akadakia. "Mwandikie mwenzio kahawa yake tuendelee! Wazee wenyewe hawa, kikombe hakiwakai mkononi."

Watu wakacheka, na Mbaruku akacheka nao, tena kwa sauti kubwa kuwashinda. "Kahawa, mzee," akasema.

Hatibu akaandika: kahawa.

Alhamisi Mbaruku alirudi. Joho lilikuwa limenyooka, dhahabu yake inang'aa kama siku liliponunuliwa. Na pale kifuani doa lilikuwepo, limeiva, limeingia ndani ya sufu kana kwamba lilifumwa pamoja nayo. Hatibu hakumlaumu. Alikigeuza tu kile kitambaa, akamwonyesha neno lililoandikwa, akarudi kwenye mapipa yake.

Njiani Mbaruku alijitungia la kusema. Dobi ameliharibu. Ulikuwa uongo mzuri, na mji mzima ungeuamini, maana nani amewahi kusikia kwamba dobi kaharibu nguo, akashangaa? Aliurudia mpaka ukamkaa vizuri ulimini.

Alimkuta Nasoro uani akipanga viti vya wageni, mdomo ungali umevimba upande mmoja. Nasoro akalipokea joho, akalikunjua. Akaliona doa, akajua ni nini. Damu yake mwenyewe, angeacheje kuijua? Akamtazama kaka yake, akaona jinsi alivyokonda kwa siku hizo chache. Kisha akamfungulia njia ya kujinasua.

"Madobi hawa, kaka," akasema taratibu. "Ukiwapa kitu kizuri, wamekiua."

Lilibaki neno moja tu, ndiyo, na Mbaruku angekuwa huru. Binti angeolewa, wageni wangekula, na jina baya lingemwangukia Hatibu, ambaye amezoea. Wala Mbaruku hakuwa mwema kuliko alivyokuwa Jumatatu mezani kwa dobi. Alikuwa amechoka tu. Uongo wa kwanza alikuwa ameubeba siku zote hizo, akila nao na kulala nao, na hakuwa na bega la kuuwekea wa pili. Akajibwaga kwenye kiti kimojawapo.

"Dobi hana kosa," akasema. "Aliniuliza, akarudia kuniuliza, nami nikamwambia kahawa. Ni mkono wangu huu, Nasoro. Nisamehe, mdogo wangu."

Nasoro akalitazama tena lile doa. Kisha akauliza, "Kahawa?" Akaanza kucheka, akaushika mdomo kwa maumivu, akacheka tena mpaka machozi yakamtoka, na haikujulikana yalikuwa ya kicheko tu au na ya jambo jingine.

Ijumaa alimwozesha binti yake akiwa amelivaa joho na doa lake kifuani, mbele ya watu wote, na kaka yake amekaa kuumeni kwake. Ndugu walipatana. Doa halikutoka, na halijatoka hadi leo.

Aliyeweza kulitoa aliuliza mapema, kwa upole, maji ya mvuke yakiwa bado hayajachemka. Basi ninyi mnaonisikia, na mimi nikiwemo, tunangoja tuchoke kiasi gani ndipo tuseme?