Sauti za Bi Mize Barazani kwa Sultani

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa wengi kuliko miji ya kutawala, palikuwa na mji mmoja ukiitwa Kitongani, na mtawala wake alikuwa Sultani Mwinyi Zahoro. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao nimeusikia kwa wakubwa wengi, nao ni kuamini lolote atakalolisema mtu mwenye kilemba kikubwa. Na kilemba kikubwa kuliko vyote pale mjini kilikuwa cha Maalim Subeti, mgeni aliyetoka hakuna ajuaye wapi, akidai kwamba tabia ya mtu hujulikana kwa sauti anazozisikia kila siku.

"Msinionyeshe uso wa mtu," ndivyo alivyokuwa akisema. "Niambieni masikio yake yanakula nini tangu alfajiri hadi magharibi, nami nitawaambia ni mtu wa namna gani. Sauti ikimwingia mtu siku tatu, imekwisha kuwa tabia yake."

Basi ikawa mgeni akiingia Kitongani haulizwi jina wala ukoo, huulizwa kwao husikia nini. Aliyesema husikia kuku aliambiwa kuwa ni mbeya. Aliyesema husikia kinu kikitwangwa aliambiwa kuwa ni king'ang'anizi. Sultani alifurahi, akijipiga mapaja kwa vicheko, na lau mambo yangeishia hapo mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mpishi wa jumba, mzee aliyempikia Sultani miaka ishirini, akaachishwa kazi kwa kuwa husikia vyungu vikichemka, kwa hiyo ni mtu wa hasira. Mahali pake akawekwa mchimba makaburi, kwa kuwa yeye husikia kimya, kwa hiyo ni mtulivu. Na utulivu alikuwa nao kweli. Wali ulikuja mbichi, umepoa, na umefukiwa vizuri chini ya majani ya mgomba, na Sultani akaula hivyo hivyo.

Kisha Maalim akaona haitoshi. Akamwambia Sultani kwamba ugomvi wote wa majumbani watokana na mume na mke kusikia sauti zisizolingana. Sultani akaamuru pembe ipigwe, na mpiga pembe akazunguka mitaa yote akitangaza kwamba kila mume na mke wanaoishi ndani ya kuta za mji, sauti zao zisipolingana, watatenganishwa. Na mjue desturi ya Kitongani tangu waliojenga kuta zake: neno likishapigiwa pembe humfunga kila aliye ndani ya kuta, hata huyo aliyelisema, wala halifutwi ila yule aliyelishauri asimame mbele ya watu akiri kwamba alikosea.

Sasa, katika mji huo alikuwako msokota kamba mmoja jina lake Vuai, fukara wa kutupwa, hana kitu ila kofia yenye matundu na mke anayempenda. Watu walimwona nusu mpumbavu kwa kuwa alifanya kila jambo neno kwa neno kama alivyoambiwa. Siku moja jirani alimwambia, nishikie punda huyu nakuja sasa hivi, na Vuai akamshika punda mkia mpaka jua likatua. Alikuwa akisokota kamba zake ubavuni mwa zizi la punda, na mkewe Bi Mize alikaanga vitumbua katika kichochoro cha wafua shaba, pamoja na mama yake, Bi Tabu, ambaye mguu wake wa kushoto ulimuuma na hakutaka mtu yeyote apitwe na habari hizo.

Zamu yao ilipofika wakaitwa barazani. Maalim Subeti akawauliza, wakajibu, akafumba macho kama anayeonja mchuzi, kisha akatoa hukumu. Mume husikia punda, kwa hiyo ni mzito wa akili na mpole. Mke husikia nyundo tatu, mafuta yanayotatarika, kibao cha kukunia nazi kinacholia kwa uchakavu, na mama anayelalamika, kwa hiyo ni mtu wa shari na vurugu, na mume wa namna hii hatamaliza naye mwaka. Ikaamriwa Bi Mize asirudi tena nyumbani kwa mumewe.

Vuai alikuwa ameishi na Bi Mize miaka kumi na mitatu, na hajawahi kumsikia akipandisha sauti. Akapiga magoti, akasema, "Ewe Sultani, Mungu akuzidishie umri. Maalim hajazisikia sauti za mke wangu, amesimuliwa tu. Je, mtu huhukumu chumvi ya mchuzi kwa kusimuliwa?"

Sultani alitafakari, akaona pana neno. Lakini hakupenda kushindwa na mtu mwenye kofia yenye matundu, hivyo akatabasamu na kusema, "Vema. Niletee hapa barazani sauti zote anazozisikia mkeo, isipungue hata moja, wala sitaki mtu wa kuigiza. Ukizileta, mtahukumiwa upya. Ikipungua moja, utamwacha mkeo kwa talaka tatu."

Baraza zima likacheka, maana nani amewahi kubeba sauti? Bi Mize peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe huku machozi yakimlengalenga.

Vuai akauliza kwa unyenyekevu sauti zisikilizwe muda gani. Maalim akadakia kwamba elimu yake yataka siku tatu, tangu alfajiri hadi magharibi. Vuai akaomba na sauti zake yeye ziletwe pia, ili ulinganishaji uwe wa haki, na Sultani, akijua kwamba hakuna kitakacholetwa, akasema zilete zote, na sote tutakaa hapa kuzisikiliza.

Kesho yake, adhana ya alfajiri haijapoa, mlango mkubwa ukagongwa. Walinzi walipofungua wakaingia wafua shaba watatu na fuawe zao, wakaketi juu ya zulia, wakaanza kugonga. Nyuma yao wakaingia punda kumi na mmoja, maana zizi lilikuwa na kumi na mmoja na sauti isipungue. Akaingia Bi Mize na jiko, karai la mafuta na kibao chake cha kukunia nazi, akaweka mafiga karibu na kiti cha Sultani. Akaingia Bi Tabu akichechemea, akatafuta mto mzuri, akaupata wa waziri, akaweka mguu juu yake, akaanza kusimulia ulivyoanza kuuma mwaka wa mafuriko. Mwisho akaingia Vuai na rungu la kupondea makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, akakaa kando ya mkewe.

Sultani akataka kuwatoa. Waziri akamnong'oneza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema sauti zote ziletwe, isipungue hata moja. Basi akanyamaza, yaani alinyamaza yeye. Wengine hawakunyamaza.

Siku ya kwanza haijafika adhuhuri, Bibi Shawana, mke wa Sultani, alifunga kanga zake akahamia nyumba yake ya shambani, iliyo ndani ya kuta za mji, akisema atarudi punda wakirudi kwao. Siku ya pili Sultani alimrushia punda kiatu, akampata mpiga pembe. Siku ya tatu alivua kilemba akakiuma. Alimfokea waziri kwa kupumua, akamfokea mchimba makaburi kwa kuleta chakula, akaifokea nguzo. Maalim Subeti peke yake alikaa ametulia, uso mkunjufu, akitikisa kichwa polepole, na watu wakastaajabia elimu yake. Na Bi Mize naye aligeuza vitumbua vyake, akamfunika mama yake mguu, akamuuliza Sultani kwa adabu kama angependa kitumbua kimoja kilicho moto, kwa kuwa amemwona tangu juzi hali vizuri. Sultani alikula saba.

Jua lilipotua, nyundo zikasimama, na Sultani akapaza sauti ambayo sasa ilikuwa imekauka, akamwambia Vuai aseme haja yake upesi.

Vuai akainuka, akasema, "Ewe Sultani, Mungu akuzidishie umri. Kwa siku tatu mke wangu amesikia punda zangu, nami nimesikia nyundo zake na mama yake. Sauti zetu sasa ni zile zile, na tabia zetu ni moja. Kwa neno la pembe, sisi hatutenganishwi."

Sultani akasema haraka kwamba amekubali, na watoke na punda wao.

"Lipo dogo limebaki, Bwana wangu, nami naona haya kulitaja," akasema Vuai. "Nawe umezisikia sauti hizo siku tatu, na Maalim alishahukumu kwamba mwenye kuzisikia ni mtu wa shari na vurugu. Bibi Shawana yuko shambani, siku tatu husikia njiwa. Pembe ilisema kila mume na mke walio ndani ya kuta. Nauliza tu, ni nani atakayekwenda kumpa habari Bibi kwamba mmetenganishwa?"

Sultani akashika ndevu. Alimpenda Bibi Shawana, tena alimwogopa, na mambo yote mawili yakamjia usoni kwa wakati mmoja. Akamgeukia Maalim Subeti, akamwambia aseme neno la kumwokoa.

Maalim akatikisa kichwa polepole, akatabasamu, akajibu, "Naam, Bwana wangu, ni kweli kabisa, vitumbua ni vitamu."

Sultani akarudia swali, naye akajibu kwamba yeye hupenda vya hiliki. Ndipo Vuai akasogea, akakiinua kile kilemba kikubwa kwa vidole viwili, na katika kila sikio la Maalim mkaonekana bonge la sufi la kutosha mto wa mtoto. Alikuwa ameziba tangu alfajiri ya siku ya kwanza.

Vuai akayachomoa, akayaweka mbele ya Sultani, akasema, "Mtu huyu hajasikia kitu siku tatu. Kwa elimu yake mwenyewe, hana tabia yoyote. Bwana wangu, tumehukumiwa na mtu ambaye hayupo."

Sultani aliitazama ile sufi, akamtazama Maalim, akawatazama wale punda, na kitu kikaanza kumtekenya tumboni. Alicheka mpaka akashika nguzo ile ile aliyoifokea. Alipopata pumzi akamlazimisha Maalim asimame mlangoni, mbele ya watu wote, akiri kwamba alikosea, na pembe ikapigwa kulifuta neno. Mzee mpishi akarudi jikoni usiku uo huo na mchimba makaburi akarudi makaburini, alikopendwa. Kisha Sultani akamwambia Bi Mize, kwa sauti ya chini, kwamba yeye mtawala ameshindwa kuvumilia siku tatu kile ambacho Bi Mize amekivumilia miaka kumi na mitatu huku akicheka na wateja, na kwamba ameona haya. Akataka kumpa kibao kipya cha kukunia nazi, cha mpingo, kisicholia. Vuai akamwomba radhi, akasema wakipewa hicho, jioni atajuaje kwamba mkewe amesharudi nyumbani? Bi Mize akajifunika uso kwa ukaya, akamfinya mumewe mbavu. Wakapewa magunia mawili ya mchele na hicho kibao kikuukuu kikabebwa na walinzi wanne.

Ama Maalim Subeti, hakufungwa wala hakupigwa. Alihukumiwa kukaa siku tatu na Bi Tabu, masikio wazi, amsikilize habari za mguu. Nami huwa nambeza sana mtu yule, ila jambo moja ni lazima niliseme, kwa kuwa walioshuhudia ni wengi. Siku ya nne alipotoka nje ya kuta za Kitongani akishika njia ya kwenda zake, alikuwa akichechemea mguu wa kushoto.