Ulimi wa Shefu Pandu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mazimwi, ni ya juzijuzi tu, watu wa mjini walipokwisha kukubaliana kwamba sahani ikiwa kubwa chakula lazima kiwe kidogo, palikuwa na mgahawa kwenye ghorofa ya juu kabisa ya jengo la vioo. Uliitwa Bustani ya Juu. Bustani yenyewe ilikuwa miche minne ya plastiki iliyofutwa vumbi kila Jumamosi. Wateja walipanda kwa lifti, wakashusha sauti, wakaagiza kwa heshima kubwa vyakula ambavyo kwa bibi zao walikuwa wakivikimbia.

Mwenye mgahawa alikuwa Madamu Elifuraha. Huyu hakuwahi kukaanga yai lisiungue, lakini akisema "jiko langu" ungedhani kazaliwa na mwiko mkononi.

Mpishi mkuu alikuwa Shefu Pandu, mtu wa Unguja, miaka thelathini kwenye moto, kofia yake ndefu hata akipita mlangoni huinama. Mhudumu mkuu alikuwa Mahfudhi, mtanashati, ambaye angeweza kukusifia maji ya bomba mpaka ukaagiza glasi ya pili. Na nyuma kabisa, mbele ya sinki, alikuwapo Sekela, mwanamke wa Tukuyu, aliyesugua masufuria miaka kumi na mmoja mpaka vidole vikapasuka kwa sabuni.

Sekela alitaka kitu kimoja tu duniani: kutoka sinkini akasimame jikoni kama mpishi. Kati ya sinki na jiko kulikuwa na hatua sita. Alishazihesabu. Miaka yote kumi na mmoja hakuna aliyemwambia apige hata ya kwanza.

Basi ikawa, mwezi wa Shaabani Shefu Pandu akashikwa na mafua makali, akalala siku tisa. Alipoinuka, nguvu zilikuwa zimerudi, lakini pua na ulimi havikurudi. Akalamba ndimu, akalamba sukari, akalamba chumvi. Yote sawasawa na kulamba ukuta.

Mtu mwenye haya angesema. Pandu akaitazama kofia yake kwenye kioo, akanyamaza.

Ikaingia Ramadhani, ikamstiri. Sasa sikilizeni ujanja wa mtu mzima. Mpishi aliyefunga huonja kwa ncha ya ulimi kisha akatema. Masheikh wameliruhusu hilo, na Pandu mwenyewe ndivyo alivyofanya miaka yote. Mwaka huo akawa mkali kuliko masheikh.

"Mimi nimefunga, sitii kitu mdomoni," akasema. "Sekela! Njoo uonje, wewe hufungi."

Sekela akafuta mikono, akapiga hatua sita, akaonja.

"Chumvi haijafika, Shefu."

Pandu akatia.

"Tui limezidi. Kamulia ndimu."

Pandu akakamulia.

"Sasa."

Chakula kikatoka, na wateja wale wenye sauti za chini wakalamba vidole. Ukweli usemwe: Bustani ya Juu haikuwahi kupika vizuri kama mwezi ule.

Idi ikaja. Watu wakala, Pandu akafunga zile siku sita za sunna za baada ya Idi. Sita zikaisha, akafunga Jumatatu na Alhamisi. Lakini wateja hula na Jumanne, kwa hiyo akaweka nadhiri, akafunga kila siku ya kazi. Wahudumu wakasema mashaallah. Madamu Elifuraha, Mlutheri asiyejua hata Ramadhani inaanza lini, akaandika kwenye menyu: *Chakula kilichopikwa kwa mikono iliyofunga.* Akampiga Pandu picha amefumba macho, akaitundika karibu na lifti.

Sekela hakuwa mjinga. Siku moja sufuria ya maziwa iliungua pembeni mwa Pandu. Wahudumu wakakohoa, mteja wa meza ya saba akaulizia mlango wa dharura, na Pandu hana habari, anakatakata vitunguu huku anaimba.

"Shefu," Sekela akasema polepole, "naona mwaka huu hata pua imefunga."

Kisu kikasimama. Pandu akaenda akasukuma mlango ukajifunga.

"Unataka nini?"

"Jiko. Unifundishe mkono, mimi nakuazima ulimi."

"Siku jina langu likipanda, siku hiyohiyo unatoka sinkini. Wallahi."

Sekela akaamini. Lakini msije mkamlilia sana huyu Sekela. Hakunyamaza kwa wema. Alinyamaza kwa sababu aliiona ngazi.

Na Mahfudhi? Mahfudhi alifunga kweli, Alhamisi zake hazikumpita. Alhamisi moja akaingia chumba cha baridi kuchukua ndimu, akamkuta Shefu Pandu amekaa juu ya kreti la nyanya, paja la kuku mkononi.

"Nilisahau," Pandu akasema. Maana aliyekula kwa kusahau saumu yake haiharibiki, na hilo Pandu alilijua vizuri sana.

"Umesahau paja zima, mzee? Na chapati je?"

"Binadamu ndivyo tulivyo, mwanangu."

Mahfudhi akachukua ndimu zake, akamfungia mlango. Angeweza kusema. Lakini hadithi ya mpishi mcha Mungu ilinoga mno mezani, na msimulizi alikuwa yeye. Kila meza aliinama akanong'ona: "Haonji kitu, bwana. Anapika kwa imani tu." Wenye tai zao wakatikisa vichwa mpaka macho yakawalowa. Watu wazima hao, wenye shahada.

Ikapita miezi mitano ya namna hiyo. Ndipo Madamu akawakusanya.

"Alhamisi, saa sita mchana, waonjaji watatu wa chama cha migahawa watakuja. Wakiridhika tunapata kibao cha shaba cha mlangoni. Kina nafasi ya jina moja tu. Mwenye jina hilo ndiye mwenye jiko, na ndiye atakayesema nani akae wapi."

Sekela akazitazama zile hatua sita, akaona zimekuwa fupi.

Alhamisi ikafika. Pandu akamweka pweza wa nazi jikoni, akamwacha kwenye moto mdogo. Sekela akatoka na ndoo kumwaga maji machafu. Alipopita mlango wa ofisi akasikia sauti.

"Yule wa sinki," Madamu anauliza, "mbona kila saa namwona anaonjaonja?"

"Nani, Sekela?" Pandu akacheka. "Mlafi tu yule. Namwachia ukoko nipate thawabu. Kibao kikipatikana, Madamu, niletee msaidizi kutoka chuoni. Mtu mwenye mikono safi."

Ndoo ikamwelemea. Ilimuuma Sekela, jamani, ilimuuma mpaka kifuani. Miezi mitano ya ulimi wake, na jina lake ni mlafi wa ukoko.

Akarudi sinkini, akainama. Pandu naye akarudi, akatia chumvi kwenye pweza. Simu ikalia, akazungumza, akacheka, akakata. Akatia chumvi tena.

"Sekela, onja."

Sekela akafuta mikono, akapiga hatua sita, akaonja. Ilikuwa chumvi tupu, ulimi ukajikunja wenyewe. Akamtazama Pandu usoni.

"Imekaa sawasawa, Shefu."

Sahani tatu kubwa zikatoka. Mwonjaji wa kwanza akatia kipande mdomoni, uso ukamkunjika. Wa pili akashika maji. Mahfudhi alikuwa amesimama pembeni na kitambaa mkononi, hajaonja kitu, saumu yake nzima. Lakini kazi yake ni kusoma nyuso. Kabla mtu hajachukua kipande cha pili, sahani alishaziondoa.

"Waheshimiwa, niwieni radhi. Pweza huyu haliwi peke yake. Kwa desturi, mgeni hupewa kipande kimoja kikali cha kumwamsha ulimi, ndipo aletewe pamoja na mwenzake."

Hakuna desturi kama hiyo, mashariki wala magharibi. Na aliisema bila kupepesa jicho.

Akaingia jikoni mbio. "Nani ametia chumvi hii?"

"Si mimi," akasema Pandu. "Mimi nimefunga, nitajuaje? Aliyeonja ni huyu."

"Si mimi," akasema Sekela. "Mimi ni wa sinki. Mpishi ni huyu."

"Na mimi si mimi," akasema Mahfudhi. "Mimi nabeba tu. Ila nimeshawaahidi mwenzake, na mwenzake hayupo!"

Madamu Elifuraha, aliyeingia nyuma yake, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kulia. Jiko lake, na hajui hata mwiko unakaa wapi.

Sekela angeweza kurudi sinkini akawaacha wazame. Alitaka hivyo hasa. Lakini akamtazama yule pweza kwenye sahani, laini, amekatwa vipande vilivyolingana, amepikwa na mkono unaojua. Akamhurumia pweza. Kumhurumia Pandu, hapana.

Kando ya sabuni kulikuwa na chakula chake cha mchana, ndizi mbichi alizochemsha nyumbani bila chumvi. Akazitia kwenye sufuria, akaziponda kwa tui zito, akakamulia ndimu. Punje ya chumvi hakutia. Pandu, bila kuambiwa, akavitoa vipande vyote vya pweza kwenye mchuzi, akavisuuza kidogo kwa tui, akavipanga juu ya ndizi kwa vidole vyake vya miaka thelathini. Sekela akaonja.

"Sasa."

Mahfudhi akapeleka. "Huyu ndiye mwenzake," akasema, akanyamaza, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Waonjaji wakala. Chumvi ya pweza ikaingia kwenye ndizi, upole wa ndizi ukamshika pweza. Wakafuta sahani kwa vidole, wakaandika kwenye karatasi zao kwamba wameridhika, wakasaini. Saa tisa fundi wa kuchonga alikuwa amefika, ameweka kibao mezani, patasi mkononi.

"Jina gani?" akauliza.

Na wale waliosema si mimi, sasa wasikieni.

"Ni mimi," akasema Pandu. "Nani mwingine hapa anaweza kumlainisha pweza mpaka akakatika kwa uma? Mkono ule haununuliwi wala hauazimwi. Ndizi hupondwa na kila mtu. Andika Pandu."

"Ni mimi," akasema Mahfudhi. "Sahani ya kwanza ilikuwa imeshatuzika. Niliirudisha kwa maneno. Muda wa kuponda ndizi mlipata wapi, kama si mdomoni mwangu? Andika Mahfudhi."

Sekela akafuta mikono. Akapiga hatua sita mpaka kwenye meza.

"Ni mimi," akasema. "Madamu, huyu hafungi. Huyu haonji. Tangu Shaabani hajui chumvi wala sukari. Kila sahani mliyoisifia imepita ulimini mwangu kwanza. Na leo ndizi ni zangu. Andika Sekela."

Madamu akamgeukia Mahfudhi. "Ulijua?"

"Nilimkuta na paja la kuku," Mahfudhi akasema chini chini. "Nilidhani ni njaa tu."

Pandu hakukana. Ila mtu akikamatwa ndipo akili humjia, na Pandu akamgeukia Sekela.

"Haya, wewe ndiye ulimi wa jiko hili. Basi leo nilipokwambia onja, ulionja au hukuonja? Kama hukuonja, huna dai lolote. Kama ulionja, ukaniambia imekaa sawasawa, basi aliyetaka kutuangusha sote ni wewe."

Sekela akaona mlango wa uongo uko wazi. Angesema alikuwa na mafua, angesema alionja upande ambao chumvi haijayeyuka. Akaitazama mikono yake iliyopasuka.

"Nilionja," akasema. "Nilijua. Nikakudanganya makusudi, kwa sababu nilikusikia ofisini ukiniita mlafi wa ukoko. Na kama ungekuwa bado mpishi, ungejua."

Pandu akaivua kofia. Bila ile kofia alikuwa mzee mfupi tu. Akachovya kidole kwenye mabaki ya ndizi, akalamba, akangoja. Hakikuja kitu.

"Sekela," akauliza, "ni tamu kweli?"

"Tamu, Shefu."

Madamu Elifuraha akakohoa, akasema kama hawa wote ni waongo, basi pengine liandikwe jina lake yeye, maana jiko ni lake. Huyo tumwache hapohapo juu ya ndoo.

Fundi bado amesimama, patasi iko juu ya shaba, na ana kazi nyingine saa kumi. Nanyi mnaonisikiliza, msiniambie waandikwe wote watatu. Kibao ni kidogo, na atakayeandikwa ndiye atakayewaambia wenziwe nani ashike moto na nani ashike sinki. Yupo Pandu, aliyempika pweza kwa mkono wa kweli akamsingizia Mungu. Yupo Mahfudhi, aliyeshika saumu yake asiushike ukweli, akawaokoa kwa uongo. Na yupo Sekela, aliyemharibu pweza kwa neno moja akamwokoa kwa chakula chake mwenyewe, na alipoulizwa, akasema.

Je, jina la nani lichongwe?