Zamu ya Maji ya Mbonea

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ile milima ya Upare ilikuwa bado laini, ukiikanyaga inabaki na unyayo. Unyayo wangu upo mpaka leo. Usicheke, we Kiondo. Shule niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo.

Walikuwepo Kajiru na Namcha. Walipendana hao, hata moshi wa jiko lao ulipanda umeshikana mikono. Wakakaa nyumba moja, pombe ya harusi hawajapika. Mwaka huu muwa wa kupikia pombe haujakomaa, mwaka ule mtungi umepasuka. Wakazaa binti, Mbonea. Binti kakua, Kajiru akafa.

Sasa, kwetu maji ya bwawa ni kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Huna zamu, mahindi yako ni kuni. Akaja Senzige, kaka yake Kajiru, tumbo limeshafika barazani kwa mtawala, mwenyewe bado yuko njiani.

"Pombe haikunywewa," akasema. "Mtoto si wa nyumba yetu. Zamu ya marehemu naichukua mimi."

"Shemeji, mahindi ya Mbonea yanakauka," Namcha akasema. "Atakula nini?"

"Aende kwa wajomba zake."

Mtawala akakuna ndevu. Ndevu zile, ndege walitaga humo, nilikula mayai yao.

"Haya. Aliyezaliwa kabla wazazi wake hawajanywesha watu pombe ya harusi, hana maji. Asogee kushoto."

Katika watu waliojaa barazani, akasogea mmoja. Wakasogea kumi. Wakasogea mia, mlima ukainama, ndiyo maana mpaka leo umepinda. Mtawala mwenyewe akanyanyuka, huyo, kushoto. Kulia kabaki Senzige, kifua mbele.

Mama yake, kibibi hana hata jino, akakohoa. "Senzige mwanangu, usitutie aibu. Siku ya harusi yangu ulikuwa mgongoni. Mtungi wa pombe uliupiga teke wewe."

Watu wakacheka siku tatu, hawajala.

Mtawala akamgeukia Senzige. "Tukizibua mfereji, sehemu ya Kajiru anachimba nani?"

"Mbonea."

"Anaitwa na nani?"

Senzige akatazama vidole vya miguu. "Na mimi."

"Unamwitaje?"

"Namwambia, mtoto wa kaka, njoo na jembe."

"Basi uliyemwita mtoto kwenye tope, mwite mtoto na kwenye maji."

Jioni ile ile maji yakaingia shambani kwa Mbonea. Mahindi yakarefuka, tukawa tunayavuna juu ya mawingu.

Mnasikia, wanangu? Mtoto haulizwi harusi ilikuwa lini. Anaulizwa kama ameshiba.

Kisa kimefika shambani, naziba mfereji. Aliyelowa akajianike.